Mstari Uliofutwa

11 Januari 2001

Dada yangu,

Barua hii ikukute mzima, na kama umetoka zamu basi vua viatu kwanza ndipo usome. Sisi huku tupo. Mama anakusalimu; magoti yanamsumbua lakini ulimi wake hauna hata mafua. Juzi kanigombeza mbele ya wateja eti nimenyoa ndevu upande mmoja. Wifi yako hajambo. Mtoto wetu mdogo ana miezi mitano sasa, amenenepa hadi mikono imejikunja kama imefungwa uzi. Tumemwita Kibonge na jina limemganda. Karakana inakwenda. Nimepata kazi ya milango kumi na miwili ya shule, na mbao zimejaa mpaka mlango wa chumba cha kulala haufunguki wote.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Unamjua Chiriku wako, binti yetu mkubwa, aliyeanza kuongea kabla ya kutembea na mpaka leo ana miaka saba hajapumzika. Desemba yote tumeshinda naye hospitali. Mara ya kwanza tulidhani ni mafua yameshuka kifuani. Mara ya pili wakamlaza siku tatu, wakamfunika uso kwa kitu kinachotoa mvuke wa dawa. Daktari akasema ni pumu, tena pumu kali. Akanipa pampu mbili za kuvuta dawa, moja ya bluu, moja ya kahawia, akanieleza tukiwa tumesimama ukumbini na watu arobaini nyuma yangu kwenye foleni. Nikawa naitikia "ndiyo daktari, ndiyo daktari." Nimefika nyumbani sikumbuki ipi ni ya nini.

Wewe uko wodi ya watoto miaka yote hiyo. Niandikie kwa lugha ya seremala. Simu nimejaribu; wanasema uko zamu, halafu wanakata.

Na jambo jingine. Nikimsikia anavyokorota namkumbuka marehemu mwanao, Bwana Mkubwa. Na yeye hakuwa na mluzi kama huu kifuani? Au nachanganya? Nilikuwa kijana, nilikuwa na mambo yangu. Nauliza ili nijue kama ni kitu cha ukoo wetu.

Mdogo wako, seremala

---

2 Februari 2001

Mdogo wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa bado unaandika kama unapigilia misumari. Mama mwambie awe anatembea kidogo kidogo asubuhi, asikae tu mlangoni kuhesabu wapita njia. Kibonge mbusu kwenye mikunjo. Mimi nipo. Nimebadilishiwa zamu, sasa natoka saa nane mchana, napata kupika chakula changu kikiwa bado na joto.

Sasa sikiliza, na wifi asikilize. Soma mara mbili.

Njia za hewa za Chiriku zimevimba ndani, siku zote, hata siku anayoruka kamba. Pampu ya kahawia inatuliza ule uvimbe. Anavuta asubuhi na jioni, kila siku, awe mgonjwa awe mzima. Hutaona inafanya kitu. Ndiyo kazi yake, kufanya usione kitu. Usiiache kwa sababu amepona. Amepona kwa sababu yake. Akimaliza kuvuta asukutue mdomo na kutema.

Ya bluu ni ya kufungua kifua kikibana. Hiyo iwe naye popote, shuleni, chooni, kwa jirani. Akianza kuihitaji kila siku, jua mambo yanaharibika, mpeleke kwa daktari kabla hajazidiwa.

Asipuliziwe mdomoni moja kwa moja, dawa yote inaishia kwenye ulimi. Chukua chupa ya plastiki ya maji, ioshe, toboa tundu kitakoni linaloibana pampu isipitishe hewa, yeye aweke mdomo kwenye shingo ya chupa. Puliza mara moja, avute na kutoa pumzi mara sita taratibu, ndipo upulize tena. Wewe una mkono wa kutoboa, hili halitakushinda.

Unapaswa kukimbia hospitali ukiona hivi: ngozi ya katikati ya mbavu ikiwa inaingia ndani akivuta pumzi, asipoweza kumaliza sentensi moja bila kutweta, midomo ikibadilika rangi, au umempa bluu na baada ya dakika ishirini hajapata nafuu. Usingoje basi wala kumaliza kazi. Mpe bluu njiani huku mnakwenda.

Na karakana, mdogo wangu. Unalala ukuta mmoja na msumeno. Vumbi lile la mbao na ule mvuke wa vanishi ndivyo anavyovuta usiku kucha. Hamisha kazi au hamisha kitanda.

Ulichouliza kuhusu mwanangu, hilo tuliache. Alikufa kwa homa, wote mlikuwepo.

Dada yako

---

20 Machi 2001

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya, ni hii milango. Tumeshafika wa saba. Mama ameanza kutembea asubuhi, sasa anahesabu wapita njia huku anatembea. Kibonge ameota meno mawili na ameshamng'ata bibi yake.

Chupa nimetengeneza. Nimetengeneza tatu kwa kweli, ya kwanza ilipasuka, ya pili Chiriku akaichora macho na pua. Barua yako tumeisoma na wifi yako, tumeibandika ndani ya mlango wa kabati. Chiriku hajambo kabisa! Wiki sita hajabanwa. Amekuwa wa tatu darasani, na mwalimu analalamika kwamba anamaliza kazi yake halafu anafundisha wenzake kwa sauti. Ukimwona huwezi kusema ni mtoto aliyewahi kulazwa.

Pampu ya kahawia ipo. Mama mkwe alikuja kututembelea, akasema kuna mtoto mtaani kwao aliyezoeshwa hizo dawa akadumaa, hadi leo kimo chake hakizidi meza. Nikamwambia sisi tuna muuguzi wetu wa ukoo. Tulicheka.

Karakana nimeweka turubai kati ya kazi na chumba. Vumbi limepungua sana. Shuleni nimeongea na mwalimu, pampu ya bluu ameipokea na kuifungia kabatini isipotee.

Wewe je? Barua yako yote ilikuwa Chiriku, Chiriku. Unakula? Kuna mtu? Mama anauliza, si mimi.

Mdogo wako

---

9 Aprili 2001

Mdogo wangu,

Mama mwambie hakuna mtu, na akiwepo yeye ndiye atakuwa wa kwanza kujua, kisha mtaa mzima. Nakula. Nimepungua kidogo kwa sababu ya ngazi za wodi, lifti imeharibika tangu mwaka mpya.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kituoni, nikaisoma tena nyumbani. Nakujua tangu ulipokuwa unaficha ripoti za shule chini ya godoro. Nilikuambia apewe ya kahawia kila siku, umenijibu kwamba "ipo." Nilijua ipo, dawa haitoki kabatini kwa miguu. Je, anavuta? Nilikuambia hamisha kazi au kitanda, umeweka turubai. Nilikuambia bluu iwe naye, mwalimu ameifungia na ufunguo anao yeye. Akibanwa uwanjani atatafutwa mwalimu, kisha ufunguo?

Dawa ile haidumazi mtoto kama pumu yenyewe inavyomdumaza. Mtoto asiyepata hewa ndiye asiyekua. Mwambie mama mkwe nimesema mimi, anichukie mimi.

Kila wiki naona wazazi wanaoingia na mtoto mikononi na wote wanasema maneno yaleyale: alikuwa mzima kabisa. Naomba usije ukayasema.

Kuna dalili nyingine ambayo sikuiweka kwenye ile barua. Hapa nilikuwa nimeandika mstari, nimeufuta, usijisumbue kuusoma. Nitakuandikia vizuri nikipata utulivu. Kwa sasa shika zile dalili nne.

Dada yako anayekupenda hata akigomba

---

28 Aprili 2001, Jumamosi, saa sita na robo mchana

Dada,

Barua yako imefika Jumanne na imenichoma, nakiri. Basi nikwambie kweli. Ya kahawia tuliacha Februari mwishoni. Aliyeacha ni mimi, usimlaumu mama mkwe wala wifi yako. Niliona mtoto anaruka, nikajiambia kwa nini nimjaze dawa. Tangu Jumanne nimemrudishia, asubuhi na jioni, kama ulivyosema.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Wifi yako amekwenda na Kibonge kwa mama yake, watarudi jioni. Chiriku alianza kukohoa Alhamisi, jana hakwenda shule, leo tangu asubuhi kifua kimembana haswa. Nimesimamisha kazi. Nimemwinua na mito miwili, nimempa bluu kwa chupa, nikampa tena, na tena. Sikuhesabu vizuri. Alikuwa anakorota hadi unasikia ukiwa nje uani. Leo chiriku wetu anaongea neno moja moja kama redio yenye betri mbovu. Ameniona nashika kalamu akaniambia, "Mwambie... shangazi... jino." Maana yake ameng'oka jino la mbele na anataka ujue.

Nilishavaa viatu ili nimpeleke hospitali. Nikasema nimpe nusu saa, maana leo Jumamosi daktari ni mmoja na foleni unaijua.

Na sasa, namshukuru Mungu, imetulia. Dakika kama kumi hivi, mluzi umekwisha kabisa. Nimeweka sikio kifuani, kimya. Amelegea, amelala, uso umepoa. Dada, sijui kama unaweza kujua raha ya kusikia kile kifua kimenyamaza baada ya asubuhi yote ile. Nimekaa hapa natabasamu peke yangu kama chizi.

Ngoja nimchemshie uji akiamka aukute. Nitamalizia

16 Mei 2001

Hii ni karatasi ileile. Sikuimalizia na sikuituma.

Nilirudi na uji nikamwita hakuitika. Midomo ilikuwa ya kijivu. Nilimbeba nikakimbia naye, jirani mwenye pikipiki akatukuta njiani. Daktari alimpokea mlangoni. Walimfanyia kazi, nilikuwa nimesimama palepale, hakuna aliyekumbuka kunitoa. Saa saba na dakika ishirini akaacha.

Daktari ni binti mdogo. Alinikalisha akaniuliza ilivyokuwa, nikamweleza yote, nikamwambia lakini mluzi ulikuwa umekwisha, kifua kilikuwa kimetulia. Akasema, "Baba, hakikutulia. Mluzi ni hewa inayopita. Ukiisha ghafla na mtoto analegea, maana yake hewa haipiti tena." Halafu akaniuliza, "Hakuna aliyewahi kukwambia?"

Nilisema hapana.

Nimezika. Mama hawezi kusimama. Wifi yako haongei na mimi, na simlaumu.

Jana niliitoa barua yako ya Aprili kabatini. Nilitoka nayo uani nikaiinua kwenye jua. Wino wako ni mwepesi, dada. Pale ulipofuta panasomeka: "kifua kikinyamaza ghafla usifur".

Mengine yote uliniandikia nikayapuuza. Sentensi, mbavu, dakika ishirini, nilikuwa nayo kwenye mlango wa kabati. Hayo nitayabeba mwenyewe mpaka niingie kaburini. Lakini hili ulikuwa nalo mkononi, ukaliandika, ukalifuta. Niambie kwa nini.

---

4 Juni 2001

Mdogo wangu,

Sina salamu za kuandika. Nilipata habari ya msiba kwa simu ya wodi, siku mbili baada ya ninyi kuzika. Nimeomba ruhusa ya kuja mara mbili na mara mbili nimeirudisha mwenyewe, nikijua ningekuja ungeniuliza usoni. Sasa umeniuliza.

Mwanangu hakufa kwa homa.

Alikuwa na miaka minne. Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi, nimekuja likizo, na ninyi wote mlikuwa mnaniita daktari kwa utani. Alikuwa akibanwa tangu ana miaka miwili, na mimi nilikuwa nikisema ni kikohozi, kwa kuwa sikutaka mtu aseme mtoto wa muuguzi ana pumu. Siku ile mlikuwa shambani wote. Alibanwa tangu saa tatu asubuhi. Nilimpa vidonge nilivyokuwa navyo. Alikuwa anakorota, ananishika kola ya gauni, hataki kuniachia. Halafu mluzi ukakoma. Akaniachia kola. Nikamlaza ubavu.

Nilifurahi. Nataka ulisome neno hilo kama lilivyo, kwa kuwa nimelikimbia miaka kumi na tatu. Nilifurahi, nikatoka nje kuanika nguo. Ndoo nzima. Nilianika mpaka soksi, mojamoja, na nilikuwa naimba.

Mliporudi niliwaambia alipata homa ya ghafla akakakamaa. Mama akaamini. Wewe ulishika jembe, ulikuwa na miaka kumi na saba, ulichimba kaburi huku unalia na ukaniambia, "Dada, homa haina dawa." Nikakubali. Mwaka uliofuata wakatufundisha darasani: kifua kilichonyamaza. Mwalimu aliandika ubaoni. Niliomba ruhusa nikatoka.

Nimefanya kazi wodi ya watoto tangu hapo. Wazazi nawafundisha pampu, chupa, vumbi, mbavu, sentensi. Ile dalili ya mwisho huwa namwachia muuguzi mwenzangu aiseme. Nasema nakwenda kuchukua fomu. Miaka yote hii nakwenda kuchukua fomu.

Ulipoandika Januari kuuliza kama Bwana Mkubwa alikuwa na mluzi, nilikaa na barua yako siku tisa. Aprili niliuandika ule mstari. Nilipoutazama nikaona swali litakalofuata, "umejuaje?", nikaufuta. Nilijiambia utashika yale mengine na huu hautahitajika.

Nimemuua mwanangu kwa kutojua, na mwanao kwa kujua. Sikuombi chochote.

Dada yako

---

19 Agosti 2001

Mdogo wangu,

Sijapata jibu na sitegemei. Nimesikia kwa Mama kwamba wifi amerudi nyumbani kutoka kwa mama yake na kwamba umefunga karakana. Mama anasema unashinda umekaa kwenye mbao.

Naandika jambo moja tu, halihitaji jibu. Pumu hutembea katika ukoo. Msikilizeni Kibonge kifua. Si kwa hofu, msikilizeni tu kila anapopata mafua.

Dada yako

---

30 Oktoba 2001

Dada,

Mama hajambo. Wifi yako hajambo, tunaongea mambo ya nyumba.

Kibonge amebanwa. Ilianza na mafua, wiki ya pili kikaja kile kikohozi, juzi asubuhi nikausikia ule mluzi. Sikuwaza. Nilikuwa na kiatu mguu mmoja tulipofika hospitali. Wamempa mvuke, amerudi. Yule binti daktari ametuandikia kahawia na bluu, na barakoa ndogo ya kuvalisha kwenye chupa kwa kuwa mtoto hajui kuvuta kwa mdomo.

Wifi yako hamwachi hata dakika. Anaamka anamwekea kidole puani. Mimi nikishika ile pampu naipuliza pembeni ya barakoa. Sisi wawili hatufai hivi tulivyo. Tukimwogopa kiasi hiki tutamkosea.

Sijakusamehe. Nimejaribu, kwa ajili ya Mama, haijaja. Naandika hivyo ili usije ukadhani vingine.

Lakini mtu ninayemjua ambaye anaweza kutukalisha chini akatufundisha mpaka tuelewe ni wewe. Usiniandikie. Barua haina macho, inakubali kila ninachoijibu. Njoo uone kwa macho jinsi ninavyoshika chupa. Njoo na yale yote, na lile pia, ulitamke mbele ya wifi yako kwa mdomo wako.

Kitanda chako tumekiweka upande wa Mama. Karakana siirudishi pale, nimepata banda ng'ambo ya barabara.

---

23 Februari 2002

Dada,

Ulifika salama? Mama anasema hukuaga vizuri, uliaga kama mtu anayekwenda dukani. Anakuambia soksi zako umezisahau na kwamba amezivaa.

Tangu uondoke tumefuata kila kitu. Ile karatasi uliyotuchorea, yenye rangi tatu za mzima, tahadhari na hatari, iko ukutani, na wifi yako ndiye anayeweka alama, mimi sina ruhusa. Kahawia asubuhi na jioni. Kibonge ameshazoea barakoa, anaitafuta mwenyewe anamvalisha bibi yake. Nguo za kazi navulia bandani na naoga kabla sijambeba. Mara ya kwanza wifi yako alicheka kuniona navuka barabara nikiwa na kaptura na taulo. Alicheka, dada. Nilisimama katikati ya barabara hadi gari likanipigia honi.

Jumatatu amebanwa vibaya. Nakueleza yote kwa sababu utauliza. Saa nne asubuhi, baada ya siku mbili za mafua. Mbavu zilikuwa zinaingia. Nilimkalisha, bluu kwa barakoa, pumzi sita, tena, mpaka nne. Sikupuliza pembeni hata mara moja. Wifi yako alikuwa ameshasimama mlangoni na mfuko. Hatukungoja zile dakika ishirini ziishe, tulimpa tena njiani. Wamemlaza siku mbili na oksijeni. Yuko nyumbani, anapiga sufuria. Daktari amesema mwaka huu huenda tutarudi tena, na mwaka ujao pia. Amesema tulifika mapema.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike.

Siku ya pili pale wodini kulikuwa na baba mmoja, dereva wa lori, na mtoto wake wa kiume wa miaka sita. Mara ya kwanza kulazwa. Amepewa pampu mbili, anazigeuza geuza, anaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa muuguzi, nikajiona. Muuguzi alipoondoka nikasogea. Nikamwonyesha chupa, nikamwonyesha ya kahawia. Nikamwambia mbavu, sentensi, dakika ishirini. Alikuwa anasikiliza vizuri. Akaniuliza, "Na ukisikia mluzi umekwisha, unajua amepona?"

Nilifungua mdomo, dada. Nikamwambia ngoja, naenda kuchukua maji.

Nilifika hadi bombani. Nilisimama pale nimeshika kikombe, maji yanafurika, na miguu haitaki kurudi. Si kwamba maneno yalinipotea. Yalikuwepo yote. Nilijua tu kwamba nikiyasema, huyu mtu ataniangalia na kuuliza nimejuaje.

Sijui nilikaa muda gani. Nilifunga bomba nikarudi. Nikakaa kwenye kitanda chake na kumwambia, "Hapana. Ukiisha ghafla na mtoto akalegea, mbebe ukimbie. Nilikuwa na binti. Alinyamaza kifua nikafurahi, nikaenda kumpikia uji."

Hakuniuliza kitu. Alimtazama mwanawe, akaweka sikio kifuani pake.

Nimetembea dakika chache tu kutoka bombani mpaka kitandani, na nilidhani sitafika.

Mdogo wako